Usimjibu Daktari "Sijambo": Nilivyoomba Mafao ya Ulemavu Mara Mbili

Maombi yangu ya kwanza yalikwama kwenye neno moja: sijambo.

Nilikuwa nimeshona kiwandani miaka 11. Baridi yabisi ilianzia kwenye vidole, ikashuka viganjani, ikakaa humo kama mpangaji asiyelipa kodi. Daktari aliyepangiwa kunikagua akaniuliza, "Hujambo mama?" Nikajibu kama nilivyolelewa: "Sijambo, namshukuru Mungu." "Na mikono?" "Inaendelea vizuri tu." Miezi minne baadaye barua ikaja: mwombaji mwenyewe anaeleza kuwa hali yake inaendelea vizuri. Bahasha yenyewe niliifungua kwa meno.

Basi haya ndiyo ningependa mtu angeniambia mapema.

Kwanza jua unaomba nini. Yako mafao yanayotokana na michango uliyokatwa kazini, iko fidia ya aliyeumia au kuugua kwa sababu ya kazi, na katika nchi nyingine iko ruzuku ya asiye na kipato, hata kama hakuwahi kuchangia. Mkataba namba 102 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1952, unahesabu matawi 9 ya hifadhi ya jamii, na humo ulemavu na madhara ya kazini ni matawi mawili tofauti. Kwa hiyo mara nyingi fomu ni tofauti na muda wa kutoa taarifa ni tofauti. Aliyeanguka akiwa kazini akijaza fomu ya aliyeugua nyumbani, atazungushwa mpaka achoke.

Pili, na hili nalisisitiza: usiandike barua ya kuacha kazi kabla hujauliza. Wengi wetu huacha kwa aibu, tukiona wenzetu wanatubebea mzigo. Lakini mifuko mingi huangalia michango ya miaka ya karibuni. Ujerumani, kwa kawaida, mtu awe na miaka 5 ya bima, na awe amechangia miaka 3 katika 5 iliyotangulia kupungua kwa uwezo wake. Marekani, aliyevuka miaka 31 kwa kawaida anatakiwa awe amefanya kazi miaka 5 katika 10 ya mwisho. Ukikaa nyumbani unauguza ugonjwa kimyakimya, mlango unajifunga taratibu. Omba taarifa ya michango yako, uhesabu mwezi kwa mwezi. Yangu ilikosa miezi 7 ambayo nilikatwa na haikupelekwa. Hati za mshahara nilizokuwa nazifungia kwa uzi ndizo zilizoniokoa.

Sasa barua ya daktari. Ya kwanza niliyopeleka ilikuwa na mstari mmoja: "Ana baridi yabisi, anaendelea na dawa." Ni kweli, na haisaidii kitu, maana wapo wenye ugonjwa huohuo wanaokwenda kazini kila siku. Anayeamua hatafuti jina la ugonjwa. Anatafuta kile ambacho mwili wako unakataa kufanya. Safari ya pili nilimpelekea daktari anayenitibu karatasi yenye maswali: naweza kukaa au kusimama kwa muda gani, kunyanyua kilo ngapi, kushika kitu chembamba kama sindano kwa dakika ngapi kabla ya kuachia, dawa zinanilevya au hapana, hali ilianza lini, na itadumu mpaka lini. Hilo la mwisho usilidharau. Marekani wanataka ugonjwa uwe umedumu au utarajiwe kudumu angalau miezi 12, au uwe wa kupelekea kifo. Barua isiyotaja muda inaacha pengo. Alijibu yote kwa ukurasa mmoja na nusu, akaambatisha picha za eksirei na majibu ya damu.

Wakati nikisubiri barua hiyo nilianza daftari. Mistari miwili kila jioni, basi. "Jumanne: nimeamka saa kumi na moja, vidole havikukunjika mpaka saa mbili. Nimeangusha sufuria." "Ijumaa: siku nzuri. Nimefua nguo tatu. Jumamosi: nimelala mchana kutwa kwa sababu ya Ijumaa." Huo mstari wa Jumamosi una nguvu kuliko malalamiko ya kurasa kumi.

Fomu nayo ina mtego. Inauliza, "Unaweza kuvaa mwenyewe?" Mara ya kwanza niliandika "Ndiyo", nikajiona mtu wa maana. Mara ya pili niliandika: "Naweza, lakini vifungo vitano vya blauzi vinanichukua dakika 20, cha juu nakiacha wazi, na baada ya hapo siwezi kushika kikombe kwa nusu saa." Waingereza, katika malipo yao ya ulemavu, wana kipimo kizuri ambacho mtu yeyote anaweza kukiazima: jambo hilo unalifanya kwa usalama? Kwa kiwango kinachokubalika? Unaweza kulirudia? Na kwa muda unaofaa? Pitisha kila swali kwenye hayo manne ndipo uandike.

Ila usitie chumvi. Andika na siku nzuri, useme ni ngapi kwa mwezi. Ukisema "siwezi kabisa" halafu ukaonekana unafanya, hata maneno yako ya kweli yataangushwa nalo.

Fomu inapouliza kazi yako, usiishie kwenye cheo. "Mshonaji" msomaji anawaza mtu aliyekaa kitini, starehe. Nilieleza saa 9 za mguu kwenye pedali, mikono ikisukuma kitambaa kizito, mkasi, kuunga uzi unapokatika, na hesabu ya vipande iliyotakiwa kwa siku.

Piga nakala ya kila karatasi. Nakala yako igongwe muhuri wa tarehe, na jina la karani aliyepokea uliandike pembeni.

Siku ya ukaguzi kunywa dawa kama ulivyoandikiwa. Usizidishe ili uonekane ngangari, wala usiruke ili uonekane hoi. Mimi nilikwenda na dada yangu, maana ndiye anayenifungulia vifuniko na anajua ninachosahau kusema. Daktari alikuwa mwingine, salamu ileile. "Hujambo mama?" Nikamwambia, "Daktari, kwa salamu sijambo. Kwa mikono sina uzima, na ndiyo iliyonileta." Akacheka kidogo, akaweka sarafu mezani akasema niiokote. Nikaivuta kwa kiganja mpaka ukingoni, nikaikinga kwa mkono wa pili. Aliandika muda mrefu kuliko nilivyoivuta.

Ukikataliwa, soma sababu iliyoandikwa, kisha tafuta tarehe ya mwisho ya kukata rufaa kabla hujaanza kulia. Marekani ni siku 60 tangu upokee uamuzi. Uingereza, kuomba uamuzi uangaliwe upya ni mwezi 1. Omba na nakala ya ripoti ya ukaguzi, uone nini kiliandikwa juu yako. Mimi nililia kwanza, muda ukapita, ikabidi nianze upya kabisa. Malimbikizo ya miezi ile sikuyapata mpaka leo.

Nilikubaliwa mara ya pili, lakini barua ilikuja na aya ndogo chini: hali itapitiwa tena, na mabadiliko yoyote ya afya au ya kipato niyatolee taarifa. Mapitio yangu ya kwanza yamekaribia. Daftari liko mezani, na kalamu nimeiviringishia kitambaa ili ishikike.