Kutengeneza changamano la ruteni linalong'aa na kulipima katika hewa ya Nairobi

Takwimu nyingi za [Ru(bpy)₃]²⁺, yaani ruteni iliyoshikwa na molekuli tatu za bipiridini, unazozikuta vitabuni ni za maabara zilizo karibu na usawa wa bahari. Nairobi iko juu kwa mita 1,700 hivi. Maji huchemka karibu nyuzi 94, na kanieneo ya hewa ni kama asilimia 82 ya ile ya Mombasa. Hali hiyo inagusa uchemshaji, na baadaye inagusa vipimo zaidi ya wengi wanavyodhani.

Kausha kwanza kloraidi ya ruteni(III) katika tanuri kwa 120 °C, kwa muda wa saa tatu. Usiiruke hatua hii. Chumvi hii hubeba maji yasiyo na kiwango maalumu, na ukiipima ikiwa mbichi hujui una ruteni kiasi gani. Kisha chukua gramu 0.207 za kloraidi hiyo (milimoli 1), gramu 0.47 za 2,2′-bipiridini (milimoli 3) na mililita 20 za maji yaliyokenekwa. Yeyusha gramu 0.55 za sodiamu haipofosfiti katika mililita moja ya maji, uimimine humo. Kazi yake ni kuishusha ruteni kutoka III hadi II, yaani kutoka chaji +3 hadi +2. Mabaki yake yasichomwe wala kukaushwa kwenye moto, kwa sababu hutoa fosfini, gesi yenye sumu kali.

Chemsha chini ya kondensa, bomba linalopoza mvuke urudi chomboni. Kwingine nusu saa hutosha. Hapa weka dakika 45, lakini fuata rangi kuliko saa: kijani, halafu kahawia, mwisho rangi ya chungwa iliyokolea. Siku ya mgao wa maji usitegemee bomba. Pampu ndogo ya tangi la samaki ndani ya ndoo ya maji yenye barafu huipoza kondensa vizuri.

Chuja kungali moto, ongeza gramu 6.3 za kloraidi ya potasiamu, pasha hadi kila kitu kiyeyuke, kisha acha ipoe polepole bila kuitikisa. Fuwele nyekundu zitajitenga. Zioshe kwa mililita chache za maji baridi sana yenye asetoni asilimia 5, kisha kwa asetoni tupu, inayoondoa bipiridini iliyobaki. Tarajia gramu 0.6 hivi. Ukiona unga wa zambarau iliyoiva, bipiridini ilipungua au ulikatisha mapema: hiyo ni Ru(bpy)₂Cl₂, yenye bipiridini mbili tu.

Tochi ya buluu kutoka Luthuli Avenue itakuonyesha mng'ao mwekundu gizani. Inafurahisha, lakini si ushahidi wa usafi, maana hata bidhaa chafu hung'aa. Ushahidi uko kwenye spektrofotomita, kifaa kinachopima mwanga unaofyonzwa: kilele cha nanomita 452, chenye ufyonzaji wa molari (kiasi cha kufyonza kwa kila moli katika lita, kwa sentimita moja ya myeyusho) wa karibu 14,600. Yeyusha miligramu 7.5 katika mililita 100 upate mikromolari 100, kisha punguza mara ishirini. Ufyonzaji utakuwa 0.07. Ukizidi 0.1, myeyusho wenyewe huanza kumeza mwanga kabla haujafika katikati ya kuveti, yaani kichupa cha kupimia.

Mwanga wa buluu huhamisha elektroni kutoka ruteni hadi bipiridini. Hali hiyo hugeuka kuwa tripleti (hali ya elektroni mbili zenye spini zinazoelekea upande mmoja) ndani ya muda usiofika pikosekunde moja, kisha hudumu mamia ya nanosekunde kabla ya kutoa mwanga wa karibu nanomita 610 hadi 620. Kwa kuwa hudumu hivyo, oksijeni hupata nafasi ya kuuzima. Joto nalo huupunguza. Shikilia nyuzi 25.

Hapo ndipo mwinuko unapodanganya. Mavuno ya kwanta, yaani sehemu ya fotoni zilizofyonzwa zinazotoka tena kama mwanga, katika maji yasiyo na oksijeni ni 0.063, na katika maji yenye hewa ni 0.040. Hiyo ya pili ni ya kanieneo ya usawa wa bahari. Kwa oksijeni ya Nairobi, hesabu ya Stern–Volmer, inayoonyesha oksijeni inavyopunguza mwanga, inaleta karibu 0.043, tofauti ya asilimia 7. Ukiitumia 0.040 kama rejea, kila changamano jipya utakalolilinganisha nayo litabeba kosa hilo. Tumia 0.063, na ondoa oksijeni kwelikweli: nitrojeni dakika 20, kuveti ikiwa na kizibo cha mpira. Kwa asetonitraili pitisha nitrojeni kwanza kwenye chupa nyingine ya asetonitraili, la sivyo kimumunyisho kitavukizwa na gesi na ukolezi utapanda wakati unapima.