Changu wa mvuke kwa tangawizi na mchaichai, jiko la kawaida tu

Nikisema samaki wa mvuke watu wananiuliza kama naumwa au napunguza mwili. Jamani, changu wa mvuke ukimpatia anamshinda wa kukaanga mbali sana, tatizo wengi wanampika kama chakula cha mgonjwa, chumvi na ndimu basi, halafu wanamwacha jikoni nusu saa mpaka nyama inakuwa kama pamba.

Kwanza samaki mwenyewe. Mafuta ya kukaangia yanaficha mengi ila mvuke haufichi kitu, kwa hiyo kama upo Dar nenda soko la samaki la Feri asubuhi mapema, angalia macho yawe maangavu na yamejaa, fungua mashavu uone wekundu, bonyeza nyama kwa kidole na ikirudi juu mchukue. Changu wa nusu kilo mpaka gramu 700 anatosha, tasi pia anafaa sana, na wa bara tumieni sato. Mwambie muuzaji ampae magamba na kumtoa matumbo, lakini ukifika nyumbani rudia mwenyewe ule utando mweusi wa ndani ya tumbo na damu iliyoganda kwenye mfupa wa mgongo, sugua kwa kidole chini ya bomba mpaka paishe. Shombo nyingi inakaa hapo hapo. Mfute awe mkavu, mchanje mara tatu kila upande, chumvi mpake pale unapotaka kumpika. Ndimu usimwekee saa hizi, akikaa nayo nyama inakakamaa.

Viungo: tangawizi ya urefu wa kidole, nusu kata vipande nusu kata nyuzi nyembamba. Kitunguu saumu punje 4. Mchaichai, ile sehemu nyeupe ya chini iponde umwekee tumboni pamoja na vipande vya tangawizi, majani yake funga fundo utupie kwenye maji ya kuchemsha, nyumba nzima itanukia. Kitunguu majani, kotimiri, na pilipili mbuzi moja nzima usiipasue kama kuna watoto.

Huna sufuria ya mvuke? Hata mi sina. Chukua sufuria kubwa, ingiza bakuli la bati ulilolifudikiza, maji yafike nusu ya bakuli, juu yake inakaa sahani ya samaki, na sahani iwe ndogo kuliko sufuria ili mvuke upate pa kupita pembeni. Ukipata jani la mgomba lipitishe juu ya moto kwanza lilegee, tandika kwenye sahani. Mfuniko uzungushie kitambaa safi, ncha zake zifunge juu zisiguse moto, maana yale matone yakidondokea samaki anakuwa majimaji.

Sasa hapa ndo watu wanapoharibu: maji yachemke KWANZA, yatokote kabisa, ndo uingize samaki. Funika na usifunue funue, kila ukifunua mvuke unatoka na hesabu yako inavurugika. Wa nusu kilo dakika 10 mpaka 12, wa gramu 700 kama 15. Kisha chukua kijiti uchome pale penye nyama nene karibu na kichwa, kikipita laini mpaka kwenye mfupa na nyama imekuwa nyeupe, sio ile rangi ya kioo, kaiva. Zima.

Kwenye sahani utakuta maji ya kijivu, yamwage. Mara ya kwanza mi niliyaacha nikidhani ndo mchuzi, na sahani nzima ikanuka shombo, ndugu zangu walikula kwa adabu tu.

Kumalizia nafuata mtindo wa Wachina wa Guangdong: zile nyuzi za tangawizi na kitunguu majani tandaza juu ya samaki, saumu yako iliyokatwa ndogo pia, pasha mafuta vijiko 3 mpaka yaanze kutoa moshi kidogo, mwagia taratibu juu ya viungo. Vitalia chwaaa na harufu itapanda hapo hapo. Soya sosi vijiko 2 pembeni ya sahani, sio juu ya samaki, kotimiri, na ndimu sasa ndo unakamua.

Wali wa nazi uwe tayari kabla hujawasha jiko la samaki, kwa sababu huyu hangoji, akipoa anakakamaa. Na kichwa msikitupe, nyama ya shavuni ndo laini kuliko zote, kwetu anapewa bibi.