Kabla hujafuta folda ili kupata nafasi

Haya ni kwa anayehifadhi mafaili mtandaoni kwa huduma kama Google Drive, OneDrive ya Microsoft au Dropbox. Anza na nafasi yenyewe. Google wanatoa GB 15 za bure, ila barua pepe, picha na mafaili vyote vinagombania humohumo. OneDrive ni GB 5, Dropbox GB 2. Zikijaa, mafaili mapya hayapandi, na usipoangalia unaendelea kuhifadhi ukidhani uko salama.

Kwenye majina ya mafaili achana na alama kama ? : na *. Windows haizitaki, na faili lenye jina hilo linaweza kugoma kusawazishwa, yaani programu ya huduma hiyo kufanya kilicho kwenye kompyuta na kilicho mtandaoni vifanane. Watu wawili msihariri faili moja huku mmoja hana bando. Mtapata nakala mbili na ugomvi mmoja.

Sasa hili la kufuta. Mimi napiga picha za harusi. Mwaka juzi kompyuta ilijaa, ule mstari wa diski mwekundu kabisa, na Jumamosi nina kazi. Nikachungulia kwenye simu: folda ya harusi zote ipo mtandaoni, picha zinaonekana. Nikasema, kama ziko juu, hizi za huku chini za nini? Nikafuta, nikamwaga na tupio. Kompyuta ikapumua, nami nikapumua.

Kumbe programu ya kusawazisha ilikuwa inafanya kazi iliyoagizwa: kilichofutwa chini, ikafuta juu. Sikujua mpaka wiki ya saba, bibi harusi mmoja aliponipigia. "Kaka, naomba ile mama ananifunga mtandio, nataka kuisafisha kubwa." Nikafungua simu. Folda haipo. Nikakimbilia tupio la mtandaoni, nalo lilikuwa linatunza vitu siku 30 tu. Kilichobaki ni picha alizotumiwa WhatsApp; ukiikuza ile ya mtandio, vidole vya mama yake vinakuwa vibanzi. Nilimrudishia hela ya albamu, na bado nikikutana naye sokoni najifanya naangalia nyanya.

Kwa hiyo usifute. Bofya folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, tafuta chaguo la kuiacha mtandaoni tu. Kwenye OneDrive alama itageuka kawingu. Tiki ya kijani maana yake faili liko kwenye mashine. Ukiwa na safari, vishushe unavyohitaji kabla hujapanda basi, kwa sababu kawingu bila intaneti hakafunguki hata ukabofye vipi.

Usawazishaji ukikwama, usiwe na haraka ya kuondoa programu. Fungua kivinjari kwanza, ingia kwenye akaunti, hakikisha faili lipo kwa macho yako. Angalia kama uko kwenye akaunti sahihi, wengi wana mbili na wamesahau. Angalia kama hujasitisha mwenyewe jana kuokoa bando. Uliyemshirikisha folda akiwa na ruhusa ya kuhariri, anaweza kuivuruga, hata kama ni shemeji. Na nunua diski ya nje, unakili humo kila mwezi, ila usiibebe kwenye begi moja na kompyuta.