4H na 4L: lini uweke ipi, na uendesheje ukishaiweka

Kuna watu wengi wana gari lenye ile leva ndogo ya 4WD (ya kufanya matairi yote manne yavute) pembeni ya gia, au kile kitufe cha kuzungusha kwenye dashibodi, na hawajawahi kukigusa hata siku moja. Wengine wanakigusa siku gari limeshazama kwenye tope mpaka ekseli imelala chini, ndo wanakumbuka kumbe kuna 4L, yaani 4WD ya mwendo wa polepole (4H ni ile ya mwendo wa kawaida). Hapo umeshachelewa. 4L inawekwa kabla hujaingia sehemu mbaya, gari likiwa bado kwenye ardhi ngumu na wewe bado una akili iliyotulia.

Tuanze na kinachotokea huko chini maana ukikielewa hutahitaji kukariri. Nguvu inatoka kwenye injini inaingia gia boksi, alafu kabla haijaenda kwenye matairi inapita kwenye boksi lingine linaitwa transfa. Ukiwa 2H transfa inapeleka nguvu nyuma peke yake. Ukiweka 4H inaiunganisha na propela shafti ya mbele (ule mtaimbo unaopeleka mzunguko mbele), sasa mbele na nyuma zote zinavuta lakini gia zako ni zile zile na spidi ni ile ile, gari halijapata nguvu mpya yoyote, limepata mshiko tu. Ukiweka 4L ndo mambo yanabadilika, ile nguvu inapitishwa kwenye gia nyingine ya kupunguza mzunguko kabla ya kwenda kwenye matairi. Kwenye Land Cruiser na Hilux nyingi inapunguza kama mara 2.5, Jimny mpya ni mara 2, Jeep Wrangler Rubicon inafika mara 4.

Hesabu yake iko hivi. Chukua gari ambalo gia namba 1 inapunguza mzunguko mara 4.0, difu (lile boksi la gia katikati ya ekseli linalogawa mzunguko kwa matairi mawili) mara 4.1 na 4L mara 2.5. Kwenye 4H injini inazunguka mara 16.4 ili tairi lizunguke mara 1, kwenye 4L inazunguka mara 41. Injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma tu bila kukanyagwa mafuta, tuseme mizunguko 800 kwa dakika, na tairi lenye mzingo wa mita 2.4, kwenye 4H gia ya kwanza gari linatembea kama km 7 kwa saa bila kugusa mafuta, kwenye 4L linatembea chini ya km 3 kwa saa. Km 3 ni taratibu kuliko mtu anayetembea kwa miguu! Na hapo hujakanyaga klachi wala breki, gari linajitembeza lenyewe na halizimi.

Kwahiyo nikiulizwa 4L ni ya nini sisemi ni ya nguvu, ingawa nguvu ipo, nasema ni ya kutembea polepole ukiwa na uwezo wa kuliamrisha gari. 4H ni pale unapotaka mshiko lakini bado unahitaji mwendo: barabara ya vumbi lenye kokoto zinazotereza, tope jepesi, mchanga, theluji, njia ya udongo iliyolowa mvua. 4L ni pale mwendo wenyewe ndo hatari, yaani mawe makubwa, kupanda mlima mkali, kushuka mteremko mkali, korongo, kuvuka maji, kulivuta gari lingine lililonasa, au kurudisha nyuma trela zito kwenye kilima bila kuichoma klachi. Kama unajikuta unacheza na klachi nusu nusu ili gari liende taratibu, simama, weka 4L, klachi yako itapona.

Sasa lami. Hapa naomba tusikilizane vizuri. Gari lenye 4WD ya kuweka na kutoa, kama Hilux nyingi, Land Cruiser 70 na Jimny, halina difu ya katikati, ile inayoruhusu propela ya mbele na ya nyuma zizunguke tofauti. Ukikata kona matairi ya mbele yanapita njia ndefu kuliko ya nyuma, lakini wewe umeshazifunga propela mbili zizunguke sawa sawa, ile tofauti inatakiwa itokee mahali. Kwenye udongo au mchanga tairi linaserereka kidogo tu na mambo yanaisha, kwenye lami kavu tairi limeng'ang'ania kwahiyo mkazo unajaa kwenye propela, kwenye transfa na kwenye difu. Utasikia usukani mzito, gari kama limeshikwa breki, kwenye kona linaruka ruka, na ukitaka kurudi 2H leva imegoma kabisa. Usiivute kwa nguvu. Rudi nyuma mita chache usukani ukiwa umenyooka, au peleka matairi ya upande mmoja kwenye udongo wa pembeni, mkazo unaachia na leva inatoka yenyewe. Ukiendelea kukimbia hivyo hivyo kuna kitu kitavunjika na sio cha bei ndogo.

Gari lenye 4WD ya muda wote lina hiyo difu ya katikati kwahiyo linatembea lami bila shida, ila lina kitufe cha kuifunga difu ya katikati na ukishaifunga limekuwa sawa na lile la kwanza, sheria ya lami ni ile ile. Pajero zenye Super Select zina vyote: 2H, 4H ambayo unaweza kwenda nayo lami, 4HLc ambayo imefungwa katikati na ni ya njia mbaya tu, na 4LLc ambayo ni hiyo hiyo ila kwa gia ya polepole. Na yale magari madogo yanayovuta miguu yote lakini hayana L kabisa, hayo tusiyapeleke kwenye mambo ya mawe na milima, yatachemsha boksi.

Namna ya kuweka. Kutoka 2H kwenda 4H magari mengi yanaruhusu ukiwa unatembea, kitabu cha gari kitakwambia mwisho ni spidi ngapi, mimi napenda mtu apunguze hata kama kitabu kinaruhusu zaidi, usukani uwe umenyooka, achia mafuta, weka, subiri taa itulie kwenye dashibodi. Kama inawaka na kuzima bado haijaingia. Usiweke kamwe wakati matairi ya nyuma yanazunguka bure kwenye tope, hapo nyuma inakimbia mbele imesimama, unazigonganisha gia kwa kishindo. Gari za zamani zenye habu (vitovu vya matairi ya mbele) za kufunga kwa mkono, shuka kwanza ukazungushe zote mbili ziende LOCK, bila hivyo unaweka 4H na matairi ya mbele hayavuti chochote.

4L ni kusimama kabisa. Mguu kwenye breki, klachi chini au oto (gari la gia za kujibadilisha) ikiwa N, alafu leva inasukumwa moja kwa moja bila kusita sita. Ikisaga au ikikataa usilazimishe, meno ya gia hayajalingana tu, liache gari lisogee kidogo ujaribu tena. Kuna magari kitabu chake kinasema liwe linajongea taratibu sana, fuata kitabu. Na kuna kitu kimoja watu hawakijui kinaweza kuua mtu: leva ya transfa ikiwa kwenye N, gari haliko kwenye gia hata kama umeweka P au umeacha gia namba 1, matairi yako huru kabisa. Ukiwa kwenye mteremko ukaliacha hivyo litaondoka lenyewe. Hendibreki kwanza, na jiwe nyuma ya tairi, kabla hujashuka kwenda kuangalia chochote.

Ukishakuwa 4L sahau gia ya kwanza kama unahitaji kuondoka tu kwenye sehemu ya kawaida, ni fupi mno, gia ya pili inatosha na kwenye tope ndo nzuri zaidi maana ya kwanza inayapa matairi nguvu nyingi mpaka yanazunguka bure. Ya kwanza iache kwa mawe na mteremko. Mguu wa mafuta uwe mwepesi, kidogo tu unajibu kwa nguvu. Spidi usiende zaidi ya kama km 40 kwa saa, injini inapiga kelele na unaiumiza bila faida. Pia kwenye gari nyingi za siku hizi ukiweka 4L ule mfumo wa kuzuia gari lisiserereke unazimika wenyewe, ujue tu taa ikiwaka sio ubovu.

Kushuka ndo sehemu ninayoipenda zaidi kwenye 4L na ndo inayookoa watu. Simama juu, weka 4L gia ya kwanza (oto weka 1 au L), elekeza pua ya gari chini kabisa, achia breki na klachi zote, miguu sakafuni. Injini inalishika gari. Hofu itakwambia kanyaga klachi, usikanyage, ukikanyaga umeikata injini na gari linakuwa gunia linaloporomoka. Ukitumia breki iwe kwa kugusa tu kidogo kidogo, hasa oto ambazo zinashika kidogo kuliko manyuo, yaani gari la klachi. Na kama matairi yameanza kuserereka, yaani yamefunga na gari linateleza, ongeza mafuta kidogo tu ili matairi yazunguke tena na usukani urudi kufanya kazi. Inaonekana ni kinyume lakini ndivyo ilivyo, tairi lililofunga haliongozeki.

Kupanda, chagua gia ukiwa bado chini na usiibadilishe katikati. Nenda umenyooka, kukata mlima kwa mshazari ndo kunapindua magari. Ukishindwa kufika juu usijaribu kugeuza, hata kama njia inaonekana pana. Kanyaga breki, weka rivasi ukiwa bado 4L, achia taratibu ushuke umenyooka ulivyopanda, injini ikiwa imekushika. Kushuka kwa nyuturo huku unaangalia kioo ni hatari kubwa.

Mchanga una tabia zake. Kwanza upepo wa tairi, hii ni muhimu kuliko leva yenyewe, shusha mpaka kama PSI 18 hadi 20 tairi litanuke, linakuwa refu chini na linaelea badala ya kuchimba. Alafu 4H na mwendo usiokatika, gia ya pili au ya tatu. Injini ikianza kulemewa ndo 4L gia ya pili au ya tatu. Kusimama usipige breki, achia tu gari lisimame lenyewe, ikiwezekana likiwa limeelekea chini, maana breki inajenga kilima kidogo mbele ya kila tairi na kuondoka inakuwa kazi. Ukiona matairi yanazunguka na gari haliendi acha mafuta HAPO HAPO, kila sekunde unayoongeza unajichimbia shimo, rudi nyuma kwenye alama zako mwenyewe ujaribu tena. Tope ni hivyo hivyo.

Maji: pita kwa miguu kwanza ukiwa na fimbo, na kama mkondo una nguvu ya kukuyumbisha wewe basi na gari usiliingize, subiri au tafuta njia nyingine. Yakiwa salama weka 4L gia ya pili, ingia taratibu, mwendo wa kutengeneza kawimbi kadogo mbele ya bampa na ubaki nacho mpaka ng'ambo. Usibadilishe gia ndani ya maji, ukikanyaga klachi maji yanaweza kuingia kwenye pleti. Injini ikizima humo na maji yalikuwa juu usiwashe tena mpaka umefungua eakilina (chujio la hewa ya injini) ukaona ni kavu, injini ikinyonya maji inapinda koni rodi, ile mikono inayoshika pistoni.

Kwenye mawe gia ya kwanza, liache gari litambae, na vidole gumba vitoe ndani ya usukani maana tairi likigonga jiwe usukani unaweza kurudi kwa nguvu ukavivunja. Hapa ndo utakutana na tairi moja la mbele na moja la nyuma yako hewani yanazunguka bure na gari limesimama, watu wanashangaa si niko 4WD? Difu ya kawaida inapeleka mzunguko kule kuliko rahisi, kwahiyo tairi lililo hewani linakula lote. Kama gari lina difu loki ya nyuma (inayofunga matairi mawili yazunguke pamoja), funga kabla hujaingia, pita, fungua mara tu ukitoka, maana ikiwa imefungwa gari halitaki kukata kona. Kama huna, vuta hendibreki klik moja au mbili huku unaongeza mafuta kidogo, kwenye gari ambalo hendibreki yake inashika matairi ya nyuma, lile linalozunguka linabanwa na nguvu inahamia kwa mwenzake.

Ukitoka huko rudi 4H au 2H ukiwa bado kwenye udongo, usisubiri lami. Habu za mkono zirudishe FREE, za oto mara nyingi unatakiwa urudi nyuma mita chache zijiachie. Jaza upepo kabla hujakimbia, tairi laini kwenye spidi linachemka linapasuka. Kama ulipita maji kanyaga breki mara kadhaa taratibu zikauke, na baada ya siku chache fungua nati ya difu uangalie oili, ikiwa ya rangi ya maziwa ina maji, imwagwe. Na hata kama huna safari ya porini, tafuta barabara ya udongo angalau mara moja kwa mwezi uweke 4WD utembee kama km 16 hivi, vitabu vya Toyota vinasema hivyo hivyo, oili inafika kwenye vyuma vya mbele na leva haigandi.