Kumfundisha kasuku michezo minne kwa kijiti, peni na alizeti

Kasuku wangu anaitwa Sato. Siku alipoingia nyumbani hapa Pasiansi, Mwanza, mdogo wangu alimtazama akasema rangi yake ni ya sato aliyelala kwenye barafu tangu jana, na jina likashika. Ni kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Wageni wakimwona anazunguka, anapunga mguu na kutia kifuniko kwenye kikombe, swali la kwanza ni nimempa dawa gani. Dawa hakuna. Kuna mbegu za alizeti, kijiti cha mshikaki, peni ya kubonyeza, na kujua ubonyeze wakati gani. Hilo la mwisho ndilo kazi yenyewe.

Mpangilio wa hatua ni huu ninaoutumia mimi. Ukiruka kijiti, michezo mingine yote itakusumbua.

Kwanza, ndege mwenyewe

Wale wadogo wa kijani wenye uso wa chungwa na pete nyeupe machoni, wanaopita makundi makundi Ukerewe na kwenye mashamba ya huku Usukumani, ni ndege wa porini. Kijana akikuletea mmoja kwenye boksi la sabuni, usinunue. Kumfuga mnyamapori bila kibali ni kosa kisheria, na hata ukiweka sheria pembeni, ndege mzima aliyenaswa kwa wavu atautazama mkono wako kama mwewe kwa muda mrefu sana. Kasuku wa kijivu ndiyo usiseme: tangu Januari 2017 yumo kwenye Kiambatisho cha Kwanza, orodha ya wanaolindwa zaidi, cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, kwa sababu wamenaswa mno kwenye misitu yao. Tafuta ndege aliyezaliwa tunduni, mwenye karatasi zake. Wale wadogo wa asili ya Australia wanaouzwa kwa rangi za bluu na njano wanatosha kabisa kuanzia. Wanajifunza haraka, na wakikuuma haiumi sana.

Mahali na vifaa

Usifundishe ndani ya tundu. Tundu ni chumba chake cha kulala, na wewe mwenyewe usingependa mtu aje na peni kukufundishia kitandani. Nimemtengenezea Sato kitulio cha herufi T kwa tawi la mpera, bichi, lenye maganda yake, kinachofika usawa wa kifua changu. Mti uwe na unene ambao vidole vyake vinauzunguka karibu wote.

Funga madirisha. Huku kwetu mwewe wanazunguka juu ya mapaa toka asubuhi wakisubiri matumbo ya samaki, na ndege aliyefugwa akitoka nje hajui hata pa kujificha. Zima panga boi, maana kasuku akishtuka huruka juu moja kwa moja. Jikoni msikaribie, hasa kama unatumia kikaango kile kisichogandisha chakula: kikipata moto kupita kiasi hutoa moshi ambao kwako ni harufu tu, ila ndege anaweza kufa ndani ya dakika chache.

Sasa tuzo. Weka kwenye kisosi vitu vitano: alizeti, kipande cha karanga, punje ya mahindi mabichi, kipande cha embe, ulezi. Angalia anachukua nini kwanza, kwa siku tatu. Kinachoshinda ndicho mshahara wake, na kuanzia hapo kinatoka kwenye bakuli la kila siku. Hakipati bure tena. Sato alichagua alizeti. Nazimenya na kuzikata nusu, kwa sababu mbegu nzima inamchukua muda kuibangua na anasahau tulikuwa tunafanya nini. Ndege wadogo wape ulezi, punje moja moja. Karanga zenye ukungu tupa, zinaweza kuwa na sumukuvu. Parachichi usimpe hata kidogo, ni sumu kwa kasuku.

Fundisha asubuhi kabla hajala, dakika tano, na tena jioni dakika tano. Usimshindishe njaa ili akutii. Mimi nampima kila Jumapili kwenye mizani ya jikoni. Wa kijivu wengi wako kati ya gramu 400 na 500, na akishuka ghafla nasimamisha masomo nitafute sababu.

Hatua ya 1: Peni

Bonyeza peni: tiki. Papo hapo mpe mbegu. Subiri kidogo, tiki, mbegu. Mara kumi au kumi na tano, basi, mrudishe. Humwombi afanye lolote. Unamfundisha kwamba mlio ule maana yake ni "hapo hapo, umepata". Siku ya pili au ya tatu utabonyeza na atageuza kichwa kuutazama mkono wenye mbegu. Ameelewa.

Kwa nini peni na siyo "safi sana"? Kwa sababu maneno yako anayasikia kutwa nzima, na ukisema "safi sana" yanachukua sekunde nzima kuisha. Katika sekunde hiyo kasuku ameshafanya mambo matatu.

Hatua ya 2: Kijiti

Kata ncha kali ya kijiti cha mshikaki. Mshikie mbele ya mdomo, umbali wa upana wa kiganja. Akikiangalia tu: tiki, mbegu. Akisogeza shingo: tiki, mbegu. Akikigusa kwa mdomo: tiki, na mbegu mbili. Kuanzia hapo kuangalia hakulipwi tena, kugusa peke yake ndiko kunakolipwa. Kisha peleka kijiti kushoto, kulia, juu kidogo, mwisho wa kitulio ili apige hatua. Akikishika na kukitafuna, ondoa kijiti taratibu na usiseme kitu.

Anayekiogopa kijiti, kiache kimelala karibu na tundu lake siku mbili. Usimsogezee. Mtazame macho: mboni zikipanuka na kusinyaa haraka haraka, manyoya ya shingo yamesimama, huyo amepandwa na jazba na anaweza kuuma. Manyoya yamebana mwili na anajivuta nyuma, huyo anaogopa. Hali zote mbili, somo limeisha kwa leo. Akikuuma usivute mkono wala usipige kelele. Kelele kwake ni burudani, na kesho atauma tena aisikie.

Hatua ya 3: Kuzunguka

Huu ni rahisi, hautakuchosha. Kwa kijiti mwongoze robo ya mzunguko, tiki, mbegu. Kesho nusu. Keshokutwa mzunguko mzima. Halafu ficha kijiti, fanya mzunguko uleule kwa kidole, na useme "zunguka" kabla ya kidole. Akishika neno, kidole kinapungua mpaka kiishe. Neno linakuja mwishoni, wengi hulitanguliza na kubaki wanapiga kelele mbele ya ndege asiyejua anaambiwa nini.

Hatua ya 4: Kupunga mguu

Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo nisikilize vizuri.

Kasuku ana vidole viwili mbele na viwili nyuma, na wengi wao hupendelea kushikia chakula kwa mguu mmoja, mara nyingi wa kushoto. Mpe kipande cha hindi uone wako anashika kwa upi. Fundisha mguu huo huo.

Kama ndege wako anajua kupanda mkononi, nusu ya kazi imekwisha. Lete kidole kana kwamba unataka apande, lakini kisimamishe kabla hakijamfikia. Atainua mguu kukitafuta. Sekunde ile mguu uko hewani: tiki. Toa kidole, mpe mbegu. Rudia.

Mimi nilikuwa nachelewa. Nilikuwa natazama mguu unainuka, nafurahi, halafu nabonyeza. Kumbe peni ililia wakati mguu unarudi kwenye mti. Baada ya wiki moja Sato hakuwa anapunga, alikuwa anakanyaga. Anainua mguu kidogo, anaukita chini, pa! ananiangalia. Nikisema "kwa heri", pa, pa, pa, kama mcheza bugobogobo aliyeachwa na ngoma. Nilimlaumu yeye kwa siku mbili nzima. Mdogo wangu ndiye aliyenirekodi kwa simu, tukaangalia polepole, na ilikuwa wazi: nilikuwa namlipa kwa kukanyaga, naye alikuwa mfanyakazi mwaminifu.

Kurekebisha kulichukua muda mrefu kuliko kufundisha. Niliacha mchezo huo siku kumi, nikabadilisha mahali pa kusimama, nikaanza kubonyeza mguu *unapoachana* na mti, hata kama umeinuka nusu sentimita. Yaani mapema kuliko nilivyodhani ni sawa. Mguu ukizoea kuinuka, unasubiri kidogo: safari hii hulipi nusu sentimita, unalipa ukifika usawa wa tumbo. Baadaye unalipa akiufungua na kuufumba ule mguu, na hapo inaonekana kama anapunga kweli. Kidole nacho rudisha nyuma hatua kwa hatua mpaka uwe umesimama mlangoni, unapunga mkono tu.

Kwa hiyo kabla hujamgusa ndege, fanya zoezi hili: mtu aangushe mpira wa karatasi, wewe bonyeza peni mpira unapogusa sakafu. Mara ishirini. Utashangaa.

Hatua ya 5: Kifuniko kwenye kikombe

Tumia kifuniko cha plastiki cha chupa ya maji, siyo kisoda. Kisoda kina meno makali na rangi inabanduka. Mpe, akikishika kwa mdomo weka bakuli pana chini yake. Atakiachia tu, maana kasuku huachia kila kitu. Kikilia ndani ya bakuli: tiki. Kikianguka nje: kimya, mpe tena. Akiwa anapatia nane kati ya kumi, sogeza bakuli pembeni kidogo ili ageuke. Mwisho badilisha bakuli liwe kikombe.

Na kuzungumza je?

Kila mtu ananiuliza. Kuongea hakufundishwi kwa peni vizuri kama mguu. Kasuku huokota maneno yanayosemwa kwa hisia, na penye jambo linalotokea. Alex, kasuku wa kijivu wa mtafiti Irene Pepperberg huko Marekani, aliyekufa mwaka 2007, alijifunza kwa kuwatazama watu wawili wakiulizana na kupeana kitu. Nimejaribu hivyo na mama: kila asubuhi ananipa chai, nasema "ng'wangaluka", salamu ya asubuhi ya Kisukuma, anaitika. Sato alilichukua lile neno baada ya miezi minne. Lakini "Buzuruga, Buzuruga, wawili wa mwisho" alilichukua kwa kondakta wa barabarani bila mwalimu yeyote, na analisema saa kumi na moja alfajiri.

Michezo ikishakaa, punguza mbegu: lipa mara mbili kati ya tatu, kisha bila mpangilio, ila usiache kabisa. Mbele ya wageni mwombe mchezo mmoja anaoujua kuliko yote. Na ukiona anakichukua kifuniko, anakitazama kikombe, kisha anakiangusha sakafuni makusudi na kukusubiri uiname, sogeza kikombe karibu na uanze upya hatua ya 5. Huo tayari ni mchezo wake, na anayeokota ni wewe.