Koili ya magneti imeungua: unasuka mwenyewe nyumbani au unanunua nyingine?

Hili swali naulizwa karibu kila wiki hapa Igoma, Mwanza, fundi koili ya magneti imeungua, nisuke au ninunue? Jibu langu huwa linawaudhi watu maana nasema yote mawili. Kama pikipiki ndo inakulisha, nunua stata nyingine (kile chuma chenye meno kilichosukiwa koili za magneti) leo urudi kijiweni, halafu ile iliyoungua usiitupe wala usimpe mtu wa chuma chakavu, nenda nayo nyumbani uisuke taratibu jioni zako iwe spea. Kusuka mbio mbio huku bosi anasubiri hesabu yake saa mbili usiku ndo kunafanya watu waseme koili ya kusukwa haidumu. Inadumu sana tu, ikisukwa na mtu ambaye hana haraka.

Ila kwanza hakikisha ni koili kweli. Nimeona watu wamenunua stata mpya kumbe shida ni soketi imeyeyuka. Chukua multimita, hata ile ya bei ya chini, pima betri injini ikiwa imezimwa, ikiwa nzima utaona volti 12.5 hivi. Washa, vuta mafuta kidogo, inatakiwa ipande ifike 13.5 mpaka 14.5. Isipopanda, chomoa soketi inayotoka kwenye koili kwenda kwenye rektifaya (kile kifaa kinachogeuza na kupima umeme wa koili uende kwenye betri), weka multimita kwenye volti za AC na upime upande wa koili injini ikinguruma. Kwa zile zenye waya tatu za njano unapima jozi jozi, ya kwanza na ya pili, ya pili na ya tatu, ya kwanza na ya tatu, na zote tatu zinatakiwa zilingane na zipande pamoja. Injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kuvuta mafuta, utaona kama volti 15 au 20, ukivuta mafuta inaweza kuvuka 50 kwa hiyo vidole viweke mbali. Jozi moja ikibaki chini wenzake wakipanda, basi koili imekufa upande huo.

Kuna wanaopima omu tu, yaani ukinzani wa waya. Sio vibaya ila koili za chaji ni waya mnene, omu yake ni ndogo sana, mara nyingi haifiki hata 1, na multimita za bei chee hapo zinabahatisha tu. Ukitaka kuitumia hivyo gusanisha kwanza ncha zake mbili uone inasoma ngapi, hiyo uitoe kwenye jibu. Kipimo cha omu kinachokusaidia kweli ni cha kuangalia kama waya imeshoti na bodi: injini imezimwa, ncha moja kwenye njano nyingine kwenye chuma cha stata, isisome kitu. Lakini angalia hapa, pikipiki nyingi za Kichina za zamani zenye koili chache, mwisho mmoja wa waya umefungwa kwenye bodi makusudi tangu kiwandani, hiyo ukipima itasoma na sio kwamba imeshoti. Watu wamefukua stata nzima kwa sababu hiyo.

Sasa jambo ambalo wengi wanaliruka: nini kimeiua? Usipojua hilo, mpya nayo utaizika. Mshtakiwa wa kwanza kwangu ni rektifaya. Nyingi za hizi pikipiki zetu, rektifaya ikiona betri imejaa haifungi umeme, inachofanya ni kuushoti ule uliozidi urudi kwenye koili yenyewe. Yaani hata uzime taa zote koili bado inachapa kazi na inachemka, kwa hiyo ile kauli ya kwamba taa za urembo ndo zimeunguza koili sio kila mara ni kweli. Betri iliyokufa nayo inaitesa rektifaya, rektifaya ikifa inaiburuza koili, ni mlolongo. Halafu kuna soketi. Ninyi mnaobeba samaki kutoka Mwaloni pale Kirumba, yale maji ya barafu yanayochuruzika kwenye kiti yanaishia kwenye soketi za waya, zinaota kutu ya kijani, zinapata moto, plastiki inakuwa ya kahawia halafu inayeyuka. Na wale wa kuosha pikipiki kwa kuiingiza ziwani mpaka ekzosi inazama, sina la kuwaambia.

Oili pia. Kwenye injini ambazo stata inapigwa na oili, ile oili ndo inayoipooza, sasa ukiendesha na oili imepungua au imeshakuwa nyeusi kama lami, vanishi ya waya inapikwa pole pole. Zamani mtu wa kwenda Sengerema alikuwa anafika Kigongo anasubiri kivuko, injini inapumzika, siku hizi tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe Juni 2025 mtu anaunga moja kwa moja na abiria wawili na gunia. Sisemi daraja limeunguza koili zenu hahaha, nasema kagua oili kabla ya safari.

Haya, tuseme umeamua kununua. Nenda dukani na ile ya zamani mkononi, usiende na jina la pikipiki tu. Hesabu meno, linganisha matundu ya boliti, soketi, na kipenyo, maana stata ya meno 8 na ya meno 18 zinaweza kuonekana zinaingia kwenye kava lile lile ila sumaku na rektifaya yake ni vitu vingine. Halafu ipime kwa mkono. Shaba ni nzito zaidi ya mara tatu ya aluminiamu, na kuna stata zinauzwa zimesukwa kwa waya wa aluminiamu uliopakwa rangi ya shaba. Aluminiamu inapitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba kwa unene ule ule, kwa hiyo inachemka zaidi. Kama zako mbili zinafanana sura ila mpya ni nyepesi waziwazi, irudishe kaunta. Muuzaji akikukubalia kwangua kidogo kwenye ncha ya waya kwa wembe, ndani ikitoka nyeupe umeshajua.

Ukitaka kusuka, angalia kwanza unasuka nini. Zile koili za waya mnene za chaji na taa zinasukika nyumbani bila shida. Ila kama pikipiki yako ina ile koili moja iliyofungwa tepu peke yake inayopeleka moto kwenye CDI (kile kiboksi cha kuwashia plagi), hiyo achana nayo. Waya wake ni mwembamba kama unywele na mizunguko ni maelfu, ukikatika katikati unaanza upya, nilijaribu mara moja nikaishia kugombana na watoto nyumbani bila sababu. Hiyo nunua. Na kama chuma cha stata kimeachana majani, yale mabati membamba yaliyopangwa pamoja, au meno yamekwaruzwa na sumaku, usisuke.

Kufungua: toa waya wa betri, laza pikipiki upande wa kulia oili isimwagike, fungua kava la magneti la kushoto. Kwenye nyingi zenye injini ya aina ya CG (ile ya Honda CG na za Kichina zilizoigwa kwake) stata inatoka pamoja na kava, sumaku itaishikilia kwa nguvu kwa hiyo chunga vidole. Zile ambazo stata iko nyuma ya sahani ya sumaku unahitaji pula yake, kile kifaa cha kuichomolea, usipige nyundo, sumaku zinapasuka na krenki inapinda na hapo umenunua kesi nyingine.

Kabla hujakata waya hata mmoja piga picha. Piga nyingi, mbele, nyuma, kila ncha inapoanzia na inapoishia. Chora na kwenye karatasi. Kuna sababu: kwenye zile za koili chache za waya mmoja, jino moja mara nyingi linazungushwa kulia na jirani yake kushoto, ukikosea moja linamla mwenzake na umeme unapungua. Kwenye zile za njano tatu zenye meno 18 na sumaku 12, unaruka, jino la 1, la 4, la 7 na kuendelea ni waya mmoja, na yote yanazungushwa upande mmoja. Usifuate kumbukumbu, fuata picha. Halafu fungua jino moja ambalo halijaungua sana ukihesabu mizunguko, rudia kwa jino la pili kuhakikisha. Waya wote wa zamani uupime kwenye mzani, kwa sababu mafundi wanaosuka mota za pampu na mashine za kusaga wanauza waya kwa uzito na utajua ununue kiasi gani, ongeza kidogo. Unene mara nyingi ni kati ya milimita 0.8 na 1 lakini pima wa kwako, kama huna venia, ile rula ya kupimia unene, zungusha mara 10 kwenye msumari ukiibana, pima upana kwa rula ugawe kwa 10. Kwangua rangi kwanza ndo upime, na unapoomba dukani taja unene wa shaba tupu.

Usiitupe stata kwenye moto wa mkaa ili waya utoke kirahisi. Naona mafundi wanafanya. Ile rangi ya plastiki iliyofunika chuma ndo inayozuia waya usiguse bodi, ukiichoma umeondoa kinga yote. Kata waya kwa koleo, toa kidogo kidogo. Palipobanduka weka tepu ya fibaglasi au epoksi ya kustahimili joto, ile ya kawaida ya mirija miwili inalainika injini ikishapata moto.

Kusuka kwenyewe ni subira. Vaa glavu, vuta waya ukaze bila kuuparuza kwenye kona, ukitaka kuusukuma ukae tumia kijiti cha mbao sio bisibisi. Safu ya kwanza ikilala vizuri zinazofuata zinajipanga. Ukimaliza kila waya pima kama umegusa bodi, usisubiri mwisho. Kwenye kuunga, kwangua rangi ya waya kwa msasa mpaka shaba ing'ae ndo ulehemu, na waya wa kutokea nje uwe wa silikoni unaovumilia joto, waya wa kufungia taa za nyumba unalainika kwenye oili ya moto. Funga ncha zote kwa uzi wa pamba, zisicheze.

Vanishi nunua ile ya mota kwa hao hao mafundi wa kusuka. Ya fanicha oili inaila. Chovya, ining'inize idondoke, halafu ikaushe kwa joto na muda ulioandikwa kwenye kopo, na tafadhali sio kwenye oveni ya mama watoto, harufu haitoki. Kama huna pa kuikausha wape wale mafundi waikaushe na waipime kwa mega yao, kile kipimo cha kinga ya waya kinachotumia volti kubwa, hiyo inaona shoti ambayo multimita yako haioni.

Ukiifunga weka gasketi mpya, rudisha oili, na kama ndo unaijaribu leo badilisha na soketi iliyoungua, usiunge ile ya zamani kwa tepu. Pima volti tena kama mwanzo. Kisha baada ya siku tatu nne mwaga oili kidogo kwenye kifuniko cheupe uangalie, ukiona vipande vya vanishi vinaelea fungua kava mapema kabla waya haujaanza kulegea.