Mwalimu wa sanaa akishaondoka, geuzeni picha zake

Kama mwalimu wenu wa uchoraji ametangulia mbele ya haki, kabla ya kuchangishana fulana za kumbukumbu, tafuteni kazi zake na mziandike nyuma: nani alichora, mwaka gani, wapi, kwa rangi gani. Kwenye karatasi tumieni penseli laini, msikandamize. Kalamu ya wino hupenya hadi upande wa mbele. Pigeni picha pande zote mbili, kivulini karibu na dirisha, bila flashi. Msizipige laminesheni, tafadhali! Ikishaganda haitoki.

Chukueni mfano wa mchoraji Mtanzania Edward Saidi Tingatinga: alianza kuchora akiwa Dar es Salaam mwaka 1968, akafariki 1972. Miaka minne tu, kwenye hadibodi na rangi za baiskeli, lakini wanafunzi wake, wengi wao ndugu na jamaa, waliubeba mtindo mpaka ukaitwa kwa jina lake. Picha zake halisi ni chache na za kughushi zipo, ndiyo maana maandishi ya nyuma yana thamani.

Waulizeni pia wanafunzi wa zamani alivyowafundisha: alianza na nini, alikataza nini. Warekodi kwa simu, kila mmoja peke yake, maana wakiwa kundi watakubaliana tu.